Zamu ya Maji ya Jumapili

Redio ilitoa habari hiyo Alhamisi asubuhi, siku ya nne ya Idi, Itto akiwa amepiga magoti mbele ya sinia la unga. Mtangazaji alisema, kwa sauti ya mtu anayealika harusi, kwamba mwezi mtukufu umekwisha na usiku wa kuamkia Jumapili nchi nzima itasogeza saa mbele kwa muda wa saa nzima, kama ilivyo kawaida. Itto akaacha kukanda. Akakunja vidole vyake vyenye unga kimoja kimoja, akavikunjua, akavikunja tena, halafu akaizima redio kwa kiwiko.

"Tuda!" akaita. "Jumapili hii ni zamu ya nani?"

"Ya kwetu, mama. Si wewe unayeihesabu tangu wiki mbili zilizopita?" binti yake akajibu kutoka uani.

"Basi wametukata."

"Nani katukata?"

"Serikali, huko Rabat."

Tuda akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, anafundisha watoto wadogo wa chekechea katika mji ulio ng'ambo ya bonde, na kwake saa ilikuwa adui wa kila siku. Miezi kumi na moja ya mwaka anaishi kwa saa mpya ya serikali, anatoka nyumbani giza bado halijapasuka, anapokea watoto wanaolala juu ya madawati. Mama yake anaishi kwa saa ya zamani, na ile ya ukutani jikoni haijaguswa tangu inunuliwe. Mtu akialikwa chakula nyumba ile lazima aulize kwanza, ya zamani au mpya? Ni katika Ramadhani tu, serikali inaporudi nyuma, nyumba nzima huwa na saa moja, na Itto huuchukulia mwezi huo kama ushindi wake binafsi juu ya mawaziri.

Lakini safari hii hakuwa anataniana na mtu. Watu wa mjini saa ikisogezwa hukosa usingizi kidogo, wakanung'unika, yakaisha. Sisi wa kijiji cha Imzilen saa ni maji. Chemchemi yetu ni moja na mashamba ni arobaini na mawili, na kila shamba lina zamu yake kwa saa ya ukutani msikitini. Tangu chemchemi ipungue nguvu, zamu huzunguka siku kumi na nne kabla ya kurudi kwako. Zamu ya nyumba ya Itto ilikuwa Jumapili, kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi saa tatu asubuhi.

Serikali husogeza saa usiku, watu wamelala. Sisi hatukubali kitu cha maji kifanyike gizani. Saa ya msikiti husogezwa Jumapili yenyewe, inapogonga saa moja asubuhi, kwa mkono wa mgawa maji, mbele ya wazee wa baraza, na jambo hilo tunajivunia. Na kanuni ni fupi. Maji hufuata saa ya msikiti, si urefu wa zamu. Mshale ukitolewa saa moja ukawekwa saa mbili, aliye kwenye zamu amepoteza saa nzima, na wa baada yake anaanza saa ileile iliyoandikwa mbele ya jina lake.

Mgawa maji, kwa mwaka wa ishirini na tisa sasa, alikuwa Addi, mume wa Itto.

Addi alirudi adhuhuri, fimbo mkononi, akakuta mezani mkate, zeituni na kimya. Alikijua sana kimya hicho. Akakaa, akanawa, akasubiri.

"Umesikia redio?" Itto akauliza.

"Nimesikia."

"Na?"

"Na Jumapili nitaisogeza saa, kama kila mwaka."

"Ndani ya zamu yetu."

"Ndani ya zamu iliyopo. Kalenda sikuipanga mimi."

"Addi, ngano inatia maziwa. Jana nimebinya punje, imetoa meupe. Masaa matatu yananywesha majaruba kumi na mawili. Mawili yananywesha manane. Hayo manne ya chini yakae siku kumi na nne nyingine, na upepo huu wa jangwani? Hata mbuzi atayapita hivi hivi."

"Najua hesabu."

"Unajua hesabu za wenzako. Za nyumbani kwako huzijui."

Addi akamega mkate na hakujibu, kwa sababu mkate wenyewe ulikuwa unamjibu. Tangu Itto aletwe nyumba ile, miaka thelathini na minane, hawajawahi kununua unga. Miaka ya ukame walikula kidogo, lakini walikula chao. Watu wakioza binti zao huja kumwomba Itto awakandie, si kwa sababu wanawake wengine hawajui kukanda, ila ngano yake ina harufu ambayo unga wa dukani hauna. Majaruba manne ya chini yalikuwa mkate wa miezi minne.

"Nenda kwa Basu," Itto akasema, sauti imeshuka. "Zamu yake inafuata yetu. Ana masaa saba, na mitende yake haina haraka. Mwambie aanze saa nne badala ya saa tatu, basi. Nani ataumia?"

"Mgawa maji aende kuomba maji? Nikiomba leo, kesho nimkatalie nani?"

"Basi mkumbushe ya Shaaban."

Addi akauweka mkate chini. "Hilo tulilizika."

"Ulilizika wewe. Mimi nilisimama tu kaburini."

Ya Shaaban yalikuwa haya. Wiki sita nyuma, serikali iliporudisha saa nyuma kwa ajili ya Ramadhani, Jumapili ile nayo iliangukia zamu yao. Addi aliirudisha saa ya msikiti kutoka saa moja hadi saa kumi na mbili, na kwa kanuni akawa amepata masaa manne badala ya matatu. Akashuka shambani, akakuta Itto yumo mferejini, maji ya baridi kama barafu yamemfika kwenye vifundo, anafurahia saa ya bure. Masaa matatu ya kweli yalipotimia, saa ya msikiti ikionyesha saa mbili tu, Addi aliinama akafunga lango la shamba lake mwenyewe na kuyaachia maji yaende kwa Basu. Basu alikuwa Ubelgiji akifuatilia karatasi za pensheni. Aliyeyapokea ni kibarua wake, Zaid, na Addi hakumwambia neno zaidi ya "Pokea."

"Haikuwa yetu ile saa," Addi akasema sasa.

"Na ya Jumapili ni ya nani?"

"Ya saa ya msikiti. Sikiliza, mama Tuda. Siku ile nilivunja kanuni. Nilihamisha maji kwa kichwa changu, baraza halijui. Likijulikana, kila mmoja ataanza kugawa maji kwa dhamiri yake, na wewe unazijua dhamiri za watu wa hapa."

Itto alitaka kucheka, akajizuia kwa hasira. "Kwa hiyo ukipata unatoa, na ukinyang'anywa unanyamaza."

"Naomba hilo lisitoke mdomoni mwako. Hilo tu. Ukilisema, umeniuza."

"Haya," Itto akasema. "Sitalisema. Lakini kuomba nitaomba mwenyewe, kwa kuwa mimi si mgawa maji wa mtu."

Basu alikuwa amepeleka salamu kwamba atampokea Jumamosi saa kumi jioni. Itto akavaa shuka lake jeupe la sherehe, akachukua sahani ya biskuti za Idi zilizobaki, akafika mlangoni saa kumi barabara kwa saa ya ukutani jikoni, ambayo siku hiyo bado ilikuwa sawa na ya nchi nzima. Mkwe wa Basu akafungua nusu mlango.

"Baba alikusubiri saa kumi, Bi Itto. Sasa ni saa kumi na moja, amelala."

"Saa kumi na moja ya wapi, mwanangu?"

Yule binti akamwonyesha simu. Kweli, saa kumi na moja. Simu za nyumba ile zilikuwa zimejisogeza zenyewe siku moja kabla, zinajua mambo kuliko serikali, na hakuna aliyegundua. Wao walikuwa wamekula, wamesali na kulala kwa saa ambayo haijaanza kuwepo.

"Bado ni saa kumi," Itto akasema. "Muulize mtu yeyote."

"Simu haikosei, Bi Itto. Kaa hapo kidogo, akiamka nitakuita."

Hapo palikuwa kizingitini, penye viatu. Itto akakaa, na sahani ya biskuti mapajani, mke wa mgawa maji, watu wanapita njiani wakimsalimia kwa macho ya kuuliza. Alikaa mpaka mwadhini alipoadhini alasiri, na ndani akasikika Basu akifoka, "Alasiri sasa hivi? Mwadhini huyu amelewa?" Halafu vicheko, halafu mtu akaelewa. Mlango ukafunguliwa wote.

"Karibu, karibu, shemeji! Simu hizi ni mashetani," Basu akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi migodini ughaibuni miaka thelathini, akarudi na kikohozi, pensheni na nyumba yenye vigae mbele. Kasoro yake ilikuwa sauti, na kuamini kwamba kila tatizo lina bei. Zaid, kibarua wake, mtu wa makamo asiyesema sana, akaleta chai ya nanaa na kumimina.

Itto akaeleza haja yake kwa maneno machache. Hakutaja Shaaban. Kila neno lilimtoka kama jino.

"Sasa shemeji," Basu akasema, "mimi mitende yangu nimeitilia mbolea wiki hii, inataka maji yake yote. Na kanuni ni ya mumeo mwenyewe! Yeye si ndiye anayetuambia maji hufuata saa? Mwaka juzi nilichelewa robo saa kwa ajili ya mazishi ya dada yangu, alinifidia? Wapi!"

"Hakukufidia. Ni kweli."

"Basi. Lakini mimi siwezi kukuacha uondoke hivi hivi. Hayo majaruba manne yatatoa nini, gunia? Magunia mawili? Zaid kesho anakwenda sokoni. Atakuletea gunia la unga, kilo hamsini, dirhamu mia mbili na ishirini. Mimi nalipa. Idi njema."

Zaid alikuwa anamimina chai, na mkono wake ukasimama hewani.

Itto akasikia uso unamwaka. Angetukanwa, angejua la kujibu. Aliinuka taratibu, akaiacha sahani ya biskuti mezani, kwa kuwa kurudi nayo kungekuwa ugomvi. "Mungu akuzidishie, Basu. Unga tunao," akasema, akatoka akiwa amenyoosha shingo, na hakuikunja mpaka alipopita kona ya msikiti, ambapo hapakuwa na mtu wa kumwona akilia.

Nyumbani Tuda alimwona macho tu akajua.

"Kakataa."

"Kanipa gunia la unga."

"Mtume! Na wewe?"

"Nimemwambia tunao."

Tuda akakaa chini ubavuni kwake. "Mama, na hiyo saa ya serikali, mimi nayo inaniibia. Jumatatu watoto watakuja wanalia. Kuna mmoja huniuliza kila mwaka, mwalimu, asubuhi imekwenda wapi? Namjibu nini?"

"Mwambie ipo shambani kwa Basu," Itto akasema, na wote wawili wakacheka, kicheko cha uchungu, na Addi aliyekuwa uani akitawadha alikisikia na kikamchoma zaidi ya matusi. Alitamani kuingia aseme kitu. Akamaliza kutawadha, akaenda msikitini.

Jumapili saa kumi na mbili Itto na Tuda walilifungua lango lao. Upepo ulikuwa umeanza mapema, mkavu, unanuka vumbi. Walifanya kazi bila kusema, jaruba la kwanza, la pili, la tatu, wakibomoa ukingo kwa jembe na kuujenga tena. Maji yalipojaza la nne, waliona juu, kwenye uwanja wa msikiti, wazee wamekusanyika. Addi alipanda kigoda. Kutoka bondeni alionekana mdogo, mkono umeinuka ukutani. Saa moja ikawa saa mbili.

"Hiyo imekwenda," Tuda akasema.

"Chimba," mama yake akamjibu.

Kwa desturi, siku saa inaposogezwa, baraza huteremka na mgawa maji kushuhudia makabidhiano ya kwanza, ili pasiwe na maneno. Wakaja wote, Haji Brik mkuu wa baraza akiwa mbele, wazee wanne nyuma yake, halafu Basu na kofia yake ya Ubelgiji, na Zaid na jembe begani. Jaruba la nane lilikuwa ndiyo kwanza linajaa. Manne ya chini, meupe kwa ukavu, yalikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na ngano yake imeinamisha masuke.

Addi aliitazama saa yake ya mkononi. "Saa tatu," akasema.

Itto hakusogea. Alisimama mbele ya lango, matope mpaka magotini, jembe limelala mkononi. Hakuwa anakataa. Macho yake yalikuwa kwenye yale majaruba manne. Basi Addi mwenyewe aliingia mferejini na viatu, akachukua jiwe, akaliweka langoni, akaziba pembeni kwa tope na matambara, kwa uangalifu uleule ambao angeutumia kwa shamba la mtu mwingine yeyote. Wazee walitazama chini. Kumfungia mkeo maji mbele ya watu si jambo dogo, na kila mmoja wao moyoni alijua kwamba yeye asingeweza.

"Zaid, fungua," Basu akasema.

Zaid hakufungua. Maji, malango yote mawili yakiwa yamefungwa, yakaanza kupanda mferejini.

"Mbona nyuso za matanga?" Basu akapaza sauti, kwa sababu kimya kilikuwa kinamsumbua na usiku wote biskuti zile zilimkaa kooni. "Saa ni saa! Mwezi wa Shaaban iliporudi nyuma, hapa hapa mlikunywa masaa manne, nani alilia? Mgawa maji alimeza saa nzima, kimya. Leo imemtoka puani, tuomboleze?"

Mzee mmoja akacheka puani, akajirudi. Addi alikuwa bado ameinama langoni. Hakuinua kichwa. Itto aliuona mshipa wa shingo yake, akamtazama, akamngoja. Neno moja tu. Addi akatikisa kichwa kidogo, kwake tu, kumwambia hapana. Na Itto akanyamaza, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

"Hakumeza," Zaid akasema.

Watu wakageuka. Zaid alikuwa amelishika jembe kwa mikono yote miwili.

"Unasemaje wewe?"

"Nasema hakumeza, mzee. Mimi ndiye niliyekuwa hapa. Alifunga saa mbili, kabla ya saa yake, akaniambia pokea. Nikapokea. Mitende yako siku ile ilikunywa masaa manane. Nilidhani mmeelewana. Jana ulipompa Bi Itto gunia la unga, ndipo nikajua kwamba hujui."

Basu akamgeukia Addi.

"Addi," Haji Brik akaita. "Kweli?"

Addi akanyooka. Maji yalikuwa yanamfika kwenye mapaja sasa. "Kweli. Nilihamisha maji bila baraza. Nimevunja kanuni niliyoapa kuilinda. Kazi yenu mkiitaka, ufunguo wa saa upo mfukoni."

"Ya ufunguo tutayazungumza Ijumaa. Ya maji tuyazungumze sasa, yatamwagika. Hii saa ya leo ni ya nani?"

"Ya Basu. Saa imesema."

"Addi!" mzee mwingine akaguta. "Mbishi wewe!"

"Saa imesema," Addi akarudia.

Basu akavua kofia. "Jamani, mimi sikujua. Wallahi sikujua. Bi Itto, chukua. Fungua, shemeji, nakupa hiyo saa, nakupa kwa moyo mweupe."

Tuda alikuwa ameshainama kuliondoa jiwe. Mama yake akamshika mkono.

"Sitaki kupewa," Itto akasema.

"Mama!" Tuda akanong'ona. "Ngano!"

"Naiona ngano. Basu, jana nimekaa kwenye viatu vyako. Nilikuomba kitu nikijua ni changu, na sikukwambia ni changu, kwa kuwa mume wangu alinifunga mdomo. Sasa mdomo umefunguliwa na mwingine. Ukinipa leo, watasema Basu ni karimu, kamsaidia mke wa mgawa maji. Mimi sisaidiwi. Sema, 'Ni yenu, mwezi wa Shaaban mlitukopesha, leo narudisha.' Sema hivyo mbele ya Haji. Hutaki, acha yamwagike."

Maji yalikuwa vidole viwili kufika ukingo. Upande wa chini, tope limeanza kulainika. Basu aliwatazama wazee, akamtazama Zaid, akamtazama yule mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye jana alimwona mdogo pale mlangoni. Naye Basu alikuwa na kiburi chake, na kukimeza hadharani ni kazi. Lakini migodini alikuwa amejifunza kumjua mtu asiyetania.

"Ni yenu," akasema. Halafu, kwa sauti yake ya kawaida, ile inayosikika bonde zima: "Ni yenu! Shaaban nilipokea saa ya nyumba hii. Leo narudisha. Haji, shahidi!"

"Shahidi," Haji Brik akasema, na wazee wakaitikia.

Itto aliling'oa jiwe mwenyewe.

Addi akatazama saa. "Saa tatu na dakika kumi. Saa uliyokopa, Basu, inaishia saa nne. Hizo dakika kumi zimekwenda na maneno."

"Wapewe basi na hizo kumi," mzee mmoja akasema.

"Hazipo," Addi akasema. Itto, mgongo umemgeukia, akatabasamu peke yake.

Maji yaliingia jaruba la tisa kwa kishindo. Wazee hawakuondoka. Haji Brik alikaa juu ya jiwe, mwingine akatoa tumbaku ya kunusa, na Zaid, bila kuambiwa na mtu, aliingia upande wa pili wa ukingo na kuanza kusukuma tope pamoja na Tuda. Ardhi ilikuwa na kiu, ilikunywa kwa sauti. La kumi. La kumi na moja. Ngano iliyokuwa imelala ikawa imesimama ndani ya maji, na Addi, aliyekuwa na kazi ya kutazama saa, alijikuta anamtazama mkewe zaidi. Alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba miaka ishirini na tisa akiwafundisha watu kutofautisha haki na huruma, na hakuwahi kulieleza jambo hilo vizuri kama alivyolieleza Itto leo kwa maneno machache, akiwa na matope usoni.

Jaruba la kumi na mbili lilikuwa la mwisho na refu kuliko yote. Maji yakatambaa ndani yake, yakapita nusu, yakapita robo tatu. Yakabakiza hatua nne kufika ukingo wa mwisho.

"Saa nne!" Addi akaita.

"Ah, acha yafike, Bi Itto," Basu akasema haraka, na safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Hatua nne tu. Mimi sizihitaji hizo."

"Yafike, mama," Tuda akasema.

Haji Brik naye aligeuza uso kuelekea mitendeni, kama mtu asiyeona. Itto aliitazama kona ile kavu. Pale palikuwa na ngano ya masinia mawili, labda matatu, na aliipanda yeye, mbegu kwa mbegu, mwezi wa kumi na moja. Ilimuuma, na hakuficha kwamba inamuuma. Akachukua jiwe kwa mikono miwili, akaliweka langoni, akaziba pembeni kwa tope.

"Hizo hatua nne ni zako, Basu," akasema, akijifuta mikono kwenye sketi. "Na usije ukasema hukupewa."

Addi akavuta pumzi. Kila zamu, miaka yote hiyo, alikuwa akiitangaza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Leo kifua kilimjaa mpaka akashindwa kuanza, akakohoa, akaanza tena, na ukelele wake ukawafanya watu wa mfereji wa juu wasimamishe majembe wajue kuna nini.

"Zamu ya Basu!"

Zaid akafungua.